Jibu la Lango la Uporoto

Treni-ombwe ya saa mbili asubuhi iliingia Mbeya bila mlio wowote. Hakuna aliyeiona ikija, kwa sababu ilisafiri ndani ya bomba la chuma lililonyonywa hewa yote, na pasipo hewa hapana upepo wala kelele. Watu waliokuwa wakisubiri kituoni waliona lango tu. Mpira mnene uliozunguka fremu ya lango ulivimba polepole, ukakumbatia ubavu wa behewa, ukaziba kila upenyo. Taa ndogo ya juu ikawa ya kijani. Ndipo milango miwili, wa treni na wa kituo, ilipofunguka kwa pamoja, na abiria wakaanza kutoka wakivuta mabegi yao na kupiga miayo. Dakika arobaini zilizopita walikuwa Dodoma wakilalamika kuhusu joto, na sasa walikuwa wakitafuta makoti.

Mpira ule uliitwa muhuri. Muhuri ukiziba, lango la treni-ombwe ni mlango kama wa chumba chochote, mtoto anaweza kupita akicheza. Muhuri usipoziba, upande wa pili hakuna hewa hata ya kuzima mshumaa, na ombwe halina adabu. Linavuta kofia, linavuta pumzi, linavuta na mwenye pumzi. Kwa hiyo kazi yote ya lango, ukiondoa mapambo na matangazo, ilikuwa kujibu swali moja kila treni inapofika: nifungue au nibaki nimefunga?

Subilaga Mwaipaja alikuwa ameishi na swali hilo kwa miaka ishirini na mitatu. Alikuwa mjaribu mkuu katika Nyumba ya Majaribio, jengo refu la matofali nyuma ya kituo, ambako mashine zote za reli zilihojiwa kabla ya kukabidhiwa maisha ya watu. Wengine walijenga akili za malango. Yeye alizitega. Aliilisha akili ya lango habari za kubuni, kwamba muhuri umepasuka, kwamba treni imesimama vibaya, kwamba umeme umekatika, kisha akangoja jibu. Mwisho wa kila jaribio aliweka sharti, yaani sentensi moja inayosema jibu liwe nini au lisiwe nini. Sharti likitimia, taa ya jaribio huwaka kijani. Lisipotimia, huwaka nyekundu, na wajenzi wa lango hawanywi chai siku hiyo.

Masharti hayo yaliandikwa kwa Kiswahili kinyoofu, na shirika la reli lilijivunia jambo hilo kupita kiasi. Yalichapwa kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye kuta za vituo, ili abiria anayengoja asome mwenyewe na atulie. Jaribio la Kumi na Nne, alilolitunga Subilaga akiwa bado na meno yake yote, lilihusu kifaa kinachopima kama muhuri umeziba, nalo lilisomeka hivi: KIPIMA-MUHURI KIKIWA KIMYA, JIBU LA LANGO LISIWE "FUNGUA." Chini yake palikuwa na jina lake kamili. Jaribio hilo lilikuwa halijawahi kuwaka nyekundu tangu lilipozaliwa, na katika Nyumba ya Majaribio kulikuwa na desturi isiyoandikwa popote lakini iliyofuatwa na wote, kwamba jaribio lililo kijani haliguswi. Kuligusa kulihesabika kuwa ni kumtilia shaka aliyelitunga, na watu wa pale walikuwa na heshima sana, heshima iliyozidi akili kidogo.

Siku hiyo Subilaga alikuwa na furaha. Njia mpya ya kwenda Makete ilikuwa karibu kuzinduliwa, vituo kumi na kimoja, vyote kwenye nyanda za baridi ambako umande huganda juu ya majani, na majaribio yake yalikuwa yamechaguliwa kulinda malango yote ya huko. Wazee wa Makete walikuwa waje kesho yake kujionea. Kwa kawaida majaribio hufanyika ndani ya akili ya mashine peke yake, haraka, bila kitu chochote kusogea, lakini wageni hawawezi kukaa nusu siku wakitazama taa. Kwa hiyo aliunganisha majaribio na lango-kivuli, lango halisi la chuma lililosimama katikati ya karakana bila treni nyuma yake, ili wageni waone mlango ukikataa kufunguka kwa macho yao.

Alijaribisha mwenyewe kwanza. Jaribio la kwanza, muhuri umepasuka: lango likatulia, taa ikawa kijani. La pili, la tatu, hivyo hivyo. Alipofika la Kumi na Nne alikuwa ameshaanza kufikiria chakula cha wageni. Akabonyeza. Kipima-muhuri kikawa kimya, kama kinavyokuwa maji yakiganda ndani ya mrija wake. Lango likafikiri. Kisha mlango wa chuma ukateleza taratibu, ukafunguka wote, ukabaki wazi mbele yake.

Na juu yake taa ya jaribio ilikuwa kijani.

Subilaga aliutazama mlango, akaitazama taa. Akarudia. Mlango ukafunguka, taa ikawaka kijani. Mara ya tatu alikaa chini kabisa, akaiomba akili ya lango imwonyeshe jibu lake kama lilivyo, bila kulipamba. Lango likaonyesha alama moja tu, namba 1.

Alielewa papo hapo. Miaka kumi na miwili nyuma, wajenzi walikuwa wamebadilisha namna lango linavyojibu. Badala ya maneno FUNGUA na BAKI, walilifundisha kujibu kwa namba, 1 kwa kufungua na 0 kwa kubaki, kwa sababu namba ni nyepesi na lango lina muda mfupi wa kuamua. Siku ya mabadiliko majaribio mengi yaliwaka nyekundu, yale yote yaliyokuwa yakisema jibu liwe FUNGUA au liwe BAKI, kwa maana lango lilikuwa halisemi tena maneno hayo. Wakayarekebisha moja moja kwa wiki nzima. Lakini majaribio yaliyosema jibu LISIWE neno fulani yalibaki kijani, na kwa desturi ya nyumba yakaachwa. Jaribio la Kumi na Nne lilikuwa likiuliza kama namba 1 ni sawa na neno FUNGUA. Mashine, ambayo haijui kukisia nia ya mtu, ilijibu kwa uaminifu kabisa kwamba namba si neno, basi si sawa, basi sharti limetimia. Lango lingeweza kujibu lolote, likawaua watu wote wa Makete, na taa ingeendelea kuwaka kijani.

Akachukua kalamu. Akaandika sharti upya. Kwanza akaweka mstari unaodai kwamba kitu kinachorudi kiwe namba, na kama si namba jaribio life hapo hapo bila kuendelea. Ndipo akaweka sharti lenyewe, na safari hii hakusema jibu lisiwe nini. Alisema liwe nini: liwe 0, si kingine. Akabonyeza. Taa ikawaka nyekundu kwa mara ya kwanza katika maisha ya jaribio lile, na lango, ambalo kosa lake lilikuwa limejificha nyuma ya kijani kwa miaka kumi na miwili, likafunguka tena mbele yake bila aibu.

Makete ilikuwa imepona. Angeweza kushukuru na kwenda kula. Lakini alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, kwa sababu alikuwa amekumbuka Uporoto.

Kituo cha Uporoto kilikuwa juu mlimani, na ndicho pekee cha njia ya zamani kilichopata baridi ya kugandisha maji. Miaka kumi na mmoja iliyopita, asubuhi moja ya Julai, lango lake lilifunguka muhuri ukiwa haujaziba. Lilijifunga lenyewe baada ya sekunde nne. Katika sekunde hizo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mwalimu Sekela, alivutwa hadi kizingitini, na mlinda-lango, Ambilikile, alimdaka koti akamrudisha. Mwalimu alipona, lakini masikio yake yote mawili yaliharibika, hakusikia tena. Kamati ikaundwa. Swali likawa moja: lango lilijifungua lenyewe, au mlinda-lango alibonyeza kitufe cha dharura? Kitufe kilikuwa cha chuma tupu, hakikuweka kumbukumbu popote.

Wakamwita mjaribu mkuu atoe ushahidi. Subilaga alisimama mbele ya kamati akiwa na gauni lake zuri la kijivu, akasema kwamba jaribio lake ni kijani, limekuwa kijani mwaka mzima, na kwa hiyo lango lile haliwezi kujifungua. Alisema haliwezi. Hakusema anadhani. Baada ya siku tano Ambilikile alikiri kwamba alibonyeza, akafukuzwa kazi, kituo kikafungwa, na jina lake likawa mfano wa uzembe katika mafunzo ya walinda-lango wapya. Subilaga mwenyewe alikuwa amelitumia darasani mara nyingi tu.

Alikwenda kwa mkuu wake, Mhandisi Lwitiko, mtu mpole aliyewahi kuwa katibu wa kamati ile. Akamweleza yote kwa utaratibu, kuanzia neno hadi namba. Lwitiko alisikiliza, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akampongeza kwa kuiokoa njia ya Makete. Akasema majaribio yote ya aina ile yakaguliwe kuanzia leo, na kila sharti lipime kwanza aina ya jibu, neno au namba, kabla ya thamani yake, na kuanzia sasa hakuna jaribio litakaloaminiwa kabla ya kulishwa jibu la uongo makusudi ili lionekane likiwaka nyekundu. Hapo alikuwa mhandisi hasa, na Subilaga alimheshimu.

Kisha akasema kuhusu Uporoto wangoje.

"Yule mzee alikiri mwenyewe, dada," alisema. "Nililiandika neno lake kwa mkono wangu. Hakupigwa, hakutishwa. Kama lango ndilo lililojifungua, yeye alikiri nini?"

Swali lilikuwa la haki, na kwa dakika moja hivi, sitamficha msomaji, Subilaga alilipenda. Lilimpa mlango wa kutokea. Labda mzee alibonyeza kweli, na kosa la jaribio lilikuwa jambo jingine lililokaa kando tu. Angeweza kurekebisha mambo kimyakimya, apokee wageni wa Makete, astaafu mwakani na keki. Aliona aibu kwa kupenda wazo lile, na aibu ndiyo iliyomwinua kitini.

"Lango lile liliwekewa akili hii hii," alimwambia Lwitiko. "Asubuhi ile ilikuwa baridi hii hii. Nilisema mbele yenu haliwezi. Leo nimeliona likifunguka mara nne. Nitakwenda kumwambia, halafu nitaandika, na jina langu litakuwa chini."

Lwitiko alivaa miwani. Hakumzuia. Alisema tu kwamba jina la katibu wa kamati pia litahitajika, basi aache nafasi.

Ambilikile aliishi Kawetire, kwenye mteremko wa mashamba ya pareto, nusu saa kutoka mjini kwa gari la umeme. Mchana ulikuwa mweupe na baridi, na maua ya pareto yalikuwa yamefunguka shamba zima. Subilaga alimkuta uani, akianika maua juu ya turubai na kuyasambaza kwa reki. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, amevaa sweta mbili. Alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameutia mfukoni, na ilimchukua Subilaga muda kugundua kwamba haukuwa na ugonjwa wowote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Umetoka mjini?"

Alimpa kigoda, akamuuliza habari za safari, za watoto, za mvua za huko chini. Hakumkumbuka. Subilaga ilibidi ajitambulishe, na alipotaja Nyumba ya Majaribio mzee aliacha kusambaza maua, akaegemeza reki ukutani kwa uangalifu. Akasema kumbe ni yule mama wa gauni la kijivu. Akasema alizungumza vizuri sana siku ile, kila kitu kilieleweka.

Subilaga alikuwa amejiandalia maneno njiani. Yote yalimpotea. Akaeleza tu, kama unavyomweleza jirani, kwamba lango lilikuwa likijibu kwa namba na jaribio likisikiliza neno, kwamba taa ya kijani haikuwa ikipima chochote, kwamba maji yakiganda kwenye mrija lango hujifungua lenyewe. Kwamba ameliona kwa macho yake asubuhi ya leo. Kwamba alikosea, na kosa lake limemwangukia yeye.

"Kwa hiyo hukubonyeza, mzee," alimaliza. "Ninachokosa kuelewa ni kwa nini ulisema ulibonyeza."

Kuku walipita juu ya turubai na mzee hakuwafukuza.

"Uporoto kulikuwa na baridi," alisema mwishowe. "Lile bati la vitufe lilikuwa na joto kwa ndani, la mashine. Sote walinda-lango tulikuwa tunaweka mkono pale kuota, pembeni ya kitufe. Sasa asubuhi ile mkono wangu ulikuwa pale. Nikawaambia kamati, mkono ulikuwa pale lakini sikubonyeza. Wakanionyesha taa. Hawakunigombeza, walikuwa watu wema. Wakasema, mzee, kati yako na taa nani amekosea? Kesho yake wakaniuliza tena. Siku ya tano nikajiuliza mwenyewe. Mashine haina sababu ya kusema uongo, na mimi mkono ulikuwa pale."

Alitoa mkono wa kulia mfukoni, akauangalia kiganja na mgongo.

"Nilikuwa nakumbuka vizuri kwamba sikubonyeza, mama. Halafu nikajifundisha kukumbuka vingine. Sasa hivi nikifumba macho nakiona kidole changu kikishuka. Nakisikia kile kitufe kikilia kwa chini. Hata wewe ukiniambia, bado nakisikia."

Subilaga alilia. Hakujificha, alilia akiwa amekaa wima juu ya kigoda, kwa sababu alikuwa amefika na jambo la kurudisha na kumbe nusu yake haikuwa tena na pa kurudi. Mzee akamwacha alie. Kisha akamuuliza kama atayaandika haya mahali pa kusomwa, na Subilaga akasema ndiyo, kwenye kila kituo, ukutani, palepale yalipo majaribio, na Mwalimu Sekela atapelekewa yake kwa mkono ayasome. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasema mwalimu alimsamehe siku nyingi, kila Krismasi humtumia barua, na jambo hilo lilimwuma kuliko lawama, kusamehewa.

Halafu akasimama, akaenda kwenye kona ya nyumba, akaita kuelekea shambani. "Mama Tumpe! Njoo kidogo. Kuna mgeni."

Mwanamke mfupi alipanda kutoka kwenye matuta, mikono imejaa udongo, kapu mgongoni. Akamsalimia mgeni, akataka kwenda kunawa kwanza, na mumewe akamzuia.

"Mama, naomba umwambie na huyu," mzee alimwambia Subilaga. "Maneno yale yale, tangu mwanzo. Maana wilaya nzima ilisema nilibonyeza, huyu peke yake ndiye aliyekataa. Aligombana sokoni, aligombana kanisani, yeye na ndugu zangu hawasemeshani mpaka leo. Miaka kumi na mmoja nimekaa naye ndani ya nyumba hii nikimbishia. Nilimwambia ananiaibisha."

Subilaga akaeleza upya, tangu mwanzo, neno na namba, taa na mrija ulioganda. Alieleza polepole kuliko alivyowahi kueleza mbele ya kamati yoyote. Mama Tumpe alisikiliza akiwa amesimama, bila kutua kapu, macho yake kwa mumewe muda wote. Maelezo yalipokwisha hakuuliza chochote kuhusu lango.

"Mimi nilijua," alisema. "Sikuhitaji mashine. Nilichoka tu kujua peke yangu."

Akatua kapu, akafuta mikono yenye udongo kwenye kanga yake, kisha akaushika mkono wa kulia wa mumewe na kwenda naye ndani kutafuta maji ya chai ya mgeni.